Neno Spinster na Kofia za Shangazi

Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumeketi barazani tukingoja wanafunzi wa jioni, akatujia binti mmoja ambaye tulimsomesha juzuu ya Amma alipokuwa mdogo. Leo yeye mwenyewe ni mwalimu wa skuli, umri wake unakaribia arubaini, na Mwenyezi Mungu amemjaalia posa ya mtu mwema aishiye Uingereza. Mkononi alikuwa na hati ya kiapo aliyoandikiwa na wakili kwa Kiingereza, ya kuthibitisha kwamba hana mume. Alitoa salamu, akatukabidhi karatasi, kisha akaweka kidole juu ya neno lililofuata jina lake. Neno lenyewe lilikuwa spinster.

"Maalim," akasema, "Kiingereza nimekisoma na ninakifundisha. Hili si tusi?"

Hatukumjibu papo hapo. Swali hilo tuliwahi kuulizwa zamani, na mara ile tulijibu haraka, na jibu letu likamdhuru mtu ambaye hatukuwa na haki hata ya kumkunjia uso.

Mwaka 1988 tulikuwa na umri wa miaka 18. Babu yetu alikuwa amefariki Lamu na kuacha nyumba ya mawe, na warithi wake walikuwa watatu: baba yetu, ami yetu na shangazi yetu. Mirathi iligawanywa kwa sharia, kila mmoja akaridhika na fungu lake, ikabaki kazi ya karatasi, ambayo ilifanywa na wakili wa Mombasa. Hati ilipofika, sisi ndio tuliokuwa tukijua Kiingereza nyumbani, au tuliojidai kukijua, basi tukawekwa katikati ya ukumbi tuisome na kuifasiri. Baba yetu alikuwa ameandikwa nahodha. Ami yetu, mfanyabiashara. Shangazi, spinster wa Lamu.

"Na mimi wameniandika nani?" akauliza.

Tulikuwa tumelikuta neno hilo katika kitabu kimoja cha hadithi, ambamo spinster alikuwa bibi mkavu, mwenye paka na ulimi mkali. Tukatabasamu kwa utoto wetu, tukasema, "Wamekuandika mwanamke aliyekosa mume."

Ami yetu alicheka. Baba yetu alitazama mkeka. Shangazi hakuinua macho; alikuwa na kofia magotini, kama siku zote, na sindano yake haikusimama. Alimaliza tundu alilokuwa akilizungushia uzi, kisha akasema kwa upole, "Basi wao wameandikwa walicho nacho, mimi nimeandikwa nilichokosa." Akaitaka kalamu, akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, kwa hati nzuri kuliko ya ami yetu.

Tuseme kidogo juu ya kofia hizo, maana wasomaji wetu walio vijana wanazinunua zilizotoka kiwandani na huenda hawajui. Kofia ya mkono hushonwa tundu moja baada ya jingine, tundu dogo kama punje ya mtama, na mamia ya matundu hayo ndiyo yanayofanya ua au nyota au mstari. Kofia nzuri humchukua mshonaji miezi. Kwa sindano hiyo shangazi alilipa ada zetu za chuo na skuli pindi baba yetu alipokuwa baharini na fedha hazijafika. Msahafu wetu wa kwanza ulikuwa bei ya kofia moja. Na huyo ndiye tuliyemwita, mbele ya ndugu zake, mtu aliyekosa.

Ubaya haukuishia pale. Watoto wa ami walilishika neno, wakalipa sauti ya Kiswahili, akawa Shangazi Spinista. Lilianza kwa mzaha, kisha likawa jina. Majirani waliomwita hivyo hawakujua maana yake. Walidhani ni jina la kupanga. Yeye aliitika. Kila tulipolisikia lilituchoma, na hatukuwa na ujasiri wa kulikataza, kwa kuwa sisi ndio tuliolileta.

Miaka sita baadaye, tukiwa Mombasa, tulilitafuta neno hilo katika kamusi kubwa, mojawapo ya zile zibebazo jina la Webster. Hapo ndipo tulipoiona aibu yetu kwa ukamilifu. Spinster, katika asili yake, si mwanamke asiye na mume. Ni msokotaji: mwanamke ambaye kazi yake ni kusokota uzi.

Kiingereza cha kale kilikuwa na kiishio cha kuonyesha mwanamke mwenye kazi yake, na kiishio hicho ndicho hicho -ster tukionacho. Mwanamke aliyepika mikate aliitwa baxter. Aliyetengeneza pombe alikuwa brewster. Aliyefuma nguo alikuwa webster. Baadaye wanaume nao waliitwa hivyo, maneno yakageuka kuwa majina ya ukoo, na leo Baxter na Webster ni majina ya watu wasiojua hata kuwasha tanuri wala kutega kitanda cha mfumi. Tazama mambo ya Mungu: kamusi tuliyoifungua ili tumtendee haki mwanamke mshonaji ilikuwa na jina la mwanamke mfumaji, na Noah Webster aliyeiasisi alikuwa mwanamume mwenye madevu au asiye nayo, hilo halituhusu. Katika maneno yote ya jamii hiyo, spinster karibu ndilo peke yake lililobaki kuwa la wanawake.

Limekuwamo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Zama hizo Uingereza iliishi kwa sufu. Uzi wa sufu na wa kitani ulisokotwa majumbani kwa kijiti na kigurudumu kidogo, na baadaye kwa gurudumu kubwa la kuzungusha, na mfumaji mmoja kwenye kitanda chake aliwahitaji wasokotaji kadhaa ili asikae bure. Karibu wote walikuwa wanawake: wenye waume, wajane, na wasichana. Ujira ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa ujira, na mwanamke asiye na mume aliweza kula kwa jasho lake. Kijiti hicho kilishikamana na wanawake hata kikawa alama yao. Sisi husema kuumeni na kuukeni tukitaja pande mbili za ukoo. Waingereza wa zamani walisema upande wa mkuki na upande wa kijiti cha kusokotea.

Sasa ikawaje kazi ikageuka kuwa upungufu? Tuligundua kwamba njia ilipita katika karatasi zile zile za mawakili. Mwaka 1413, katika utawala wa Mfalme Henry wa Tano, ilitungwa sheria kwamba mshitakiwa katika aina fulani za kesi asiandikwe jina tupu. Aandikwe pamoja na daraja lake au kazi yake, na mahali anapokaa, asije akachanganywa na mwenye jina kama lake. Mwanamume akaandikwa mhunzi, mkulima, mfanyabiashara. Mwanamke akaandikwa mke wa fulani au mjane wa fulani. Na yule ambaye si mke wala mjane? Akaandikwa kwa kazi yake, na kazi iliyokuwa ikifanywa na wengi ilikuwa kusokota. Makarani, kama makarani wa dunia nzima, wakazoea. Wakaandika spinster bila kuuliza kama bibi huyo amewahi kushika uzi. Zipo hati za mahakama za karne ya 16 na 17 ambamo mwanamke mmoja ameitwa spinster na hapo hapo ameitwa mke wa fulani, jambo linaloonyesha jinsi neno lilivyokuwa likielea. Ilipofika karne ya 17 lilikuwa limetulia katika sheria kwa maana ya mwanamke asiyeolewa, awe na miaka 17 au 70. Kanisani kwao, tangazo la ndoa lilipotolewa, bibi harusi kijana alisomwa kwa neno hilo bila mtu kuona haya.

Haya ilikuja baadaye. Mapema katika karne ya 18 watu walikwisha kulitumia kwa mwanamke ambaye umri wa kuolewa, kwa hesabu yao, ulikuwa umempita. Kisha, katika karne hiyo hiyo, ikaja mashine. James Hargreaves wa Lancashire alitengeneza mashine ya kusokota nyuzi nyingi kwa mara moja katika miaka ya 1760, na Richard Arkwright akapata hakimiliki ya ile iendeshwayo kwa maji mwaka 1769. Kazi ikahamia viwandani, vijiti vikatupwa, ujira wa nyumbani ukakauka. Neno likabaki bila kazi ndani yake, kama ganda la konokono, na watu wakaingiza humo dharau.

Mwaka huo wa 1994 tulirudi Lamu kwa ajili ya Maulidi. Tulimkuta shangazi mahali pale pale, mgongo ukutani, kofia magotini, miwani imeongezeka. Tulimshika mkono, tukamwamkia, akatuitikia marahaba, tukakaa chini. Tukamweleza yote kama tulivyowaeleza ninyi, kwa kirefu zaidi. Alisikiliza bila kutukatiza.

"Wakisokota nini?" akauliza mwishoni.

"Sufu na kitani."

"Wakilipwa?"

"Kidogo, shangazi."

"Kama kofia," akasema.

Tukamwomba radhi. Tulikuwa tumeyapanga maneno tangu tulipopanda basi Mombasa, lakini yalitoka yamevurugika. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikusamehe siku ile ile, ulikuwa mtoto. Lakini miaka sita ni mirefu kuitikia jina." Hakuongeza. Jioni tuliwaita watoto wa ami, ambao nao walikuwa wamekuwa watu wazima, tukawaambia mbele yake maana ya neno na kosa letu. Mmoja alisema, "Basi si jina baya." Huenda alikuwa na haki, lakini hatukumsikia tena akimwita hivyo.

Tangu hapo tumekuwa na mazoea ya kuuchungulia uzi popote tuuonapo. Pwani yetu nayo ilisokota. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua Kilwa, na Shanga kisiwani Pate, mlango wa pili kutoka Lamu, vigurudumu vidogo vilivyochongwa kutokana na vigae na kutobolewa katikati, vya kutia kijiti na kuzungushia pamba. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona nguo zilizofumwa hapo zikipelekwa hadi Misri. Hatukupewa majina ya waliosokota. Kisha, katika karne ya 19, zikaja meli za Salem kutoka Massachusetts na vitambaa vya pamba vya viwandani, vigumu na rahisi, tukaviita kwa jina la nchi yao, marekani. Miongoni mwa viwanda vya jimbo hilo, vile vya Lowell vilijulikana kwa kuendeshwa na wasichana wasioolewa. Kwa hiyo huenda bibi zetu walivaa uzi wa spinster wa kweli, wa kazi na wa sheria, bila kujua.

Na katika vitabu tulivyosomeshwa, kusokota si kazi ya pembeni. Katika Surat an-Nahl Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti; mfano haungefahamika kwa watu wasiojua uzi huo una jasho kiasi gani. Na inasimuliwa kwamba umbu lake Bishr al-Hafi wa Baghdad, aliyekuwa akiishi kwa kusokota, alikwenda kwa Imam Ahmad ibn Hanbal na swali. Usiku husokota juu ya dari. Mienge ya watu wa sultani hupita njiani, na nuru yake humwangukia. Je, uzi aliousokota kwa nuru ile ni halali kwake kuuuza? Imam alipojua ni wa nyumba gani alilia, akamwambia asisokote kwa nuru hiyo, kwani uchamungu wa kweli hutoka nyumbani kwao. Tumeisoma fikihi miaka mingi, na maswali makali ya namna hii hayazidi vidole vya mkono mmoja. Aliyeliuliza alikuwa msokotaji.

Sasa turudi kwetu, maana ni rahisi kuwalaumu makarani wa Henry wa Tano. Kiswahili hakina spinster, lakini kina hajaolewa. Angalieni hiyo -ja-. Ni ya jambo linalongojewa. Maji hayajachemka, mgeni hajafika, fulani hajaolewa. Mwanamke ana miaka 60, amelea watoto wa ndugu zake, amejenga, amehiji, na tukimtaja bado tunamsimamisha mlangoni akingoja. Siku ya mazishi yake ndipo sarufi humwachilia. Hapo husema, hakuolewa. Mwanamume naye huitwa kapera, na kapera akiwa na fedha huitwa bwana, mambo yakaisha. Kiarabu cha Qur'ani ni chema zaidi katika hili: ayama waliotajwa katika Surat an-Nur, ambao tumeamrishwa kuwaoza, ni wasio na wenzi, wanaume na wanawake pamoja. Hata neno anis, ambalo leo Waarabu humtupia mwanamke aliyechelewa, wanalugha wa kale walilitumia kwa mwanamume pia.

Hatusemi haya ili kuidharau ndoa. Ndoa ni sunna na sisi wenyewe tunafungisha nikaha karibu kila Ijumaa. Tunasema kwa sababu mwanachuoni Karima al-Marwaziyya, aliyefariki Makka mwaka 463 Hijria, hakuolewa maisha yake yote, na al-Khatib al-Baghdadi alipokwenda hija aliketi mbele yake na kumsomea Sahih al-Bukhari. Tukitaja wapokezi wa kitabu hicho, Karima yumo, na hakuna aongezaye kwamba alikosa kitu.

Shangazi alifariki mwaka 2009, usiku wa kuamkia Jumatatu. Tulipokwenda kuandikisha kifo, karani kijana, mwenye adabu, aliuliza kazi ya marehemu, na kabla hatujajibu alikuwa amekwisha kuanza kuandika mama wa nyumbani kwa Kiingereza, kama alivyozoea. Tulimwomba asimame. Tukasema: mshonaji wa kofia. Alifikiri kidogo namna ya kulitia hilo katika nafasi ile nyembamba, akaandika fundi wa kushona nguo. Shangazi hakuwa na cherehani maisha yake yote. Tulinyamaza, tulikuwa na jeneza la kubeba.

Hayo ndiyo tuliyomweleza binti yetu barazani, hata wanafunzi wa jioni wakaja na kuketi kimya wakidhani darasa limeanza. Tulimwambia kwamba katika sheria neno hilo si tusi, bali hali. Kwamba Uingereza na Wales zimeliondoa katika rejista zao za ndoa tangu mwaka 2005. Na kwamba akitaka, ana haki ya kumwomba wakili aandike tu kuwa hajaolewa. Hapo alitukatiza, na tukaona tumenaswa na maneno yetu wenyewe.

"Hapana, Maalim," akasema. "Baina ya hilo la kungojea na hili la kusokota, naliacha la kusokota. Lakini na kazi yangu iandikwe."

Jumamosi alirudi na hati. Neno lilikuwa pale pale, na mbele yake wakili alikuwa ameongeza jingine, mwalimu, bila kumtoza chochote zaidi. Alikuwa amekwisha kuapa na kutia sahihi.